Kufunga neno kabla ya kulifungua: kadenasi tatu za AVEC, karatasi ya kura, na mahali fizikia ya kwanta iligonga ukuta

Tuseme Mama Furaha yuko hapa Murara, na Papa Bahati yuko Butembo. Wamenunua pikipiki moja kwa pamoja, na hawakubaliani nani ataanza kuitumikisha. Wanaamua kupiga kura ya bahati kwa simu. Franga yetu ni ya makaratasi tu, sarafu hatuna, basi Mama Furaha anachukua kifuniko cha soda, anakirusha juu, halafu anasema: "Papa, imeangukia mugongo. Umepoteza."

Papa Bahati atajuaje kama ni kweli? Hakuona kitu. Na wakigeuza mambo, Papa Bahati asubirie kwanza kusikia kifuniko kimeangukia wapi njo aseme alikuwa amechagua nini, yeye ndiye atashinda kila mara. Mmoja kati yao lazima aamini mwengine, na shida yao yote ni kwamba hawaaminiani.

Swali hilo linaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini mwaka 1981 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, Manuel Blum, aliliandikia makala ya kisayansi: namna gani watu wawili wasioaminiana wanaweza kurusha sarafu kwa simu. Kutoka siku hizo wataalamu wa kriptografia, ndiyo elimu ya kuficha na kulinda ujumbe, hawajaliacha. Walilipeleka mpaka kwenye fizikia ya vitu vidogo kabisa, ile inayoitwa kwanta, wakitumaini kupata jibu la milele. Wakagonga ukuta. Makala hii inaeleza ukuta huo ni upi, na kwa nini unatugusa sisi tunaohesabia kura na kuweka akiba katika muji huu.

Kitu kinachotafutwa

Dawa ya shida ya Mama Furaha iko hivi. Anaandika neno moja kwenye karatasi, "juu" ama "mugongo". Anaifungia ndani ya sanduku, anampa Papa Bahati sanduku, lakini ufunguo anabaki nao. Sasa Papa Bahati anabahatisha: "Nasema juu." Hapo njo Mama Furaha anatoa ufunguo. Wakifungua na wakute "juu", Papa Bahati ameshinda. Wakikuta "mugongo", amepoteza.

Wataalamu wanaita jambo hili ahadi ya biti. Biti ni habari ndogo kupita zote: ndiyo ama hapana, 0 ama 1. Ahadi yenyewe inaomba vitu viwili, na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Cha kwanza, ahadi ifiche. Papa Bahati akiwa na sanduku mkononi asiweze kujua kilicho ndani kabla ya saa yake.

Cha pili, ahadi ifunge. Mama Furaha akiisha kutoa sanduku, asiweze tena kugeuza neno lake, hata kama bahati ya Papa Bahati haimpendezi.

Kupata kimoja peke yake ni rahisi. Ukitaka kufunga tu, sema neno lako kwa sauti mbele ya wote: huwezi kuligeuza, lakini halifichiki tena. Ukitaka kuficha tu, nyamaza: hakuna atakayejua, lakini kesho unaweza kusema lolote. Ugumu ni kuvipata pamoja.

Wamama wa AVEC walikwisha kujua

Katika mitaa yetu, watu wengi wako ndani ya AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Namna hiyo ya kazi ilianzia Niger mwaka 1991 na shirika CARE, ikaenea Afrika nzima. Kila mwanamemba anajua sanduku la chuma lenye kadenasi tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu mwengine ambaye hana ufunguo hata mmoja. Kabla ya kufunga, makuta yanahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na wanamemba wanaambiwa wakumbuke hesabu. Siku ya mkutano unaofuata wanaisema tena kabla sanduku halijafunguliwa.

Angalia vizuri mpango huo. Mwenye sanduku hawezi kulifungua, mwenye ufunguo hana sanduku, na hesabu iliyosemwa mbele ya wote haiwezi kugeuzwa usiku. Ni ahadi iliyofungwa, na imetengenezwa na watu wanaojua kwamba hata jirani mwema anaweza kushindwa na majaribu.

Jambo hili lilipata uzito zaidi tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati vita viliingia mujini na mabenki ya Goma yakafunga milango. Mtu ambaye akiba yake ilikuwa benki aliona maana ya kuuliza: funguo ziko wapi, na ziko kwa nani?

Lakini sanduku la AVEC lina sharti moja: watu lazima wakutane. Mama Furaha na Papa Bahati wako mbali, barabara ni ngumu, na hawana mtu wa katikati wanayemkubali wote wawili. Wanachoweza kutumiana ni ujumbe tu. Je, ujumbe unaweza kufanya kazi ya sanduku?

Karatasi kwenye mlango wa biro ya kura

Kabla ya kujibu, tutazame mahali pengine ambapo ahadi iliyofungwa inabeba uzito wa inchi nzima.

Sheria yetu ya uchaguzi inaomba kwamba kura zikiisha kuhesabiwa, matokeo ya kila biro yabandikwe mbele ya biro hiyo, na mashahidi wa wagombea wapate nakala. Karatasi hiyo inafunga. Ikiisha kubandikwa na watu wakaipiga picha, hesabu ya biro ile haiwezi kugeuka ikiwa njiani kwenda Kinshasa bila mtu kuona tofauti. Hapa hakuna haja ya kuficha tena, sababu kura ya kila mmoja ilikwisha kufichwa ndani ya sanduku la kura. Inayobaki ni kufunga.

Lakini kamba hiyo inafunga ikiwa tu mwisho wake unaonekana. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, ambao Beni na Butembo waliondolewa mpaka mwezi wa tatu 2019, ulituachia fundisho hilo. Kanisa Katoliki, kupitia CENCO, lilikuwa limetuma wachunguzi karibu 40 000. CENI ilipotangaza matokeo ya muda katika usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, maaskofu walisema hayalingani na yale wachunguzi wao walikusanya. Martin Fayulu alikwenda Korti ya Katiba, Korti ikakataa ombi lake na kuthibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi. Matokeo ya urais biro kwa biro hayakutangazwa kwa watu wote ili kila mmoja alinganishe na karatasi aliyoiona mlangoni kwake. Kwa hiyo mpaka leo watu wanabishana kwa maneno, mahali ambapo wangeweza kubishana kwa karatasi.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia ileile na kutoka upande mwengine. Tarehe 1 Septemba 2017 Korti ya Juu yao ilifuta uchaguzi wa rais. Moja ya sababu ni kwamba matokeo yalitangazwa kabla ya fomu zote za vituo, zile zinazoitwa 34A, kupatikana, na tume haikufungua mitambo yake ichunguzwe kama korti ilivyoagiza. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A za vituo zaidi ya 46 000 kwenye intaneti, kila mtu azione, hata kabla mshindi hajatangazwa. Kesi ilifika tena kortini. Walioshitaki walisema fomu zilibadilishwa njiani. Safari hii korti ilikuwa na kitu cha kulinganisha: fomu za intaneti, fomu za karatasi, na nakala za mashahidi. Hazikuonyesha tofauti kubwa, na tarehe 5 Septemba 2022 korti ikaacha matokeo yasimame.

Tofauti ya 2017 na 2022 haikutoka kwa watu kuwa wema zaidi. Ilitoka kwa ahadi iliyofungwa mapema, mbele ya macho ya wengi.

Alama ya kidole ya maandishi

Turudi kwa Mama Furaha na simu yake. Leo kompyuta zinatumia njia inayoitwa heshi. Ni mashine ya hesabu: unaingiza maandishi yoyote, neno moja ama kitabu kizima, na inatosha mfululizo wa herufi na tarakimu wenye urefu uleule kila mara. Ile inayotumiwa sana, SHA-256, inatoa alama 64. Ukibadilisha nukta moja katika kitabu, karibu alama zote zinageuka. Na ukiwa na alama tu, huna njia ya kurudi nyuma ujue maandishi yalikuwa nini.

Basi Mama Furaha anaandika "juu", anaongeza maneno mengi ya ovyo ambayo anayajua yeye peke yake, anaipitisha kwenye heshi, na anatuma alama kwa SMS. Maneno ya ovyo ni ya lazima. Bila hayo, Papa Bahati angejaribu "juu" na "mugongo" kwenye simu yake na kuona mara moja ni ipi. Papa Bahati anabahatisha. Halafu Mama Furaha anatuma maandishi yote, Papa Bahati anapitisha mwenyewe, na akikuta alama ni zilezile, anajua hakudanganywa.

Njia hii inafanya kazi vizuri na haiombi makuta. Lakini inasimama juu ya imani moja: kwamba hakuna mtu mwenye kompyuta ya nguvu ya kutosha, ama akili ya kutosha, kupata maandishi mawili yenye alama moja, ama kurudi kutoka alama mpaka maandishi. Hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezekani kabisa. Tunajua tu kwamba watu wengi wenye akili wamejaribu kwa miaka na wameshindwa.

Kwa hiyo wataalamu wakauliza: je, tunaweza kupata ahadi ambayo haisimami juu ya udhaifu wa kompyuta, bali juu ya sheria za dunia yenyewe?

Mwanga unaotumwa punje kwa punje

Hapo njo kwanta inaingia. Karibu mwaka 1970 kijana mmoja, Stephen Wiesner, alikuwa na wazo la kutumia sheria za kwanta kulinda habari, lakini makala yake ilitoka tu mwaka 1983. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walichukua wazo hilo wakaliendeleza.

Mwanga unatembea kama punje ndogo sana zinazoitwa fotoni. Kila fotoni inatikisika kwa mwelekeo wake: wima, kulala, kuinama kuume, ama kuinama kushoto. Unaweza kuiuliza fotoni mojawapo ya maswali mawili. Swali la msalaba: "Umesimama ama umelala?" Swali la iksi: "Umeinama kuume ama kushoto?" Fotoni iliyosimama ukiiuliza swali la msalaba, inajibu ukweli. Ukiiuliza swali la iksi, inajibu ovyo, nusu kwa nusu, na mwelekeo wake wa kwanza unapotea. Huwezi kuuliza maswali yote mawili na kupata majibu mawili ya kweli. Si kwamba vyombo vyetu ni vibaya, dunia ndiyo iko hivyo.

Sasa ahadi. Mama Furaha akitaka kuahidi 0, anatuma fotoni 100 za msalaba, kila moja wima ama kulala kwa kubahatisha. Akitaka kuahidi 1, anatuma fotoni 100 za iksi, kuume ama kushoto kwa kubahatisha. Papa Bahati anapokea, na kwa kila fotoni anachagua swali lake kwa kubahatisha na kuandika jibu.

Je, inaficha? Ndiyo. Iwe ni 0 ama 1, Papa Bahati anaona majibu ya nusu kwa nusu tu, kwa swali lolote atakalouliza. Hakuna chombo duniani kitakachomwonyesha tofauti.

Je, inafunga? Siku ya kufungua, Mama Furaha anataja biti yake na mwelekeo wa kila fotoni. Papa Bahati anaangalia zile alizouliza swali linalofanana na biti hiyo, karibu 50. Majibu lazima yalingane yote. Kama Mama Furaha aliahidi 0 na sasa anataka kusema ilikuwa 1, inambidi abahatishe majibu ya iksi ambayo Papa Bahati anayo kwenye daftari. Kubahatisha vizuri mara 50 mfululizo ni bahati moja kwa zaidi ya milioni moja mara bilioni moja.

Unaweza kufikiri hapo kazi imekwisha.

Fotoni mapacha

Haikuisha. Bennett na Brassard wenyewe, ndani ya makala ileile ya 1984, walionyesha mlango wa wizi. Funguo ya mlango huo ilikuwa imeelezwa tangu 1935 na Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen, ingawa wao walikuwa wanazungumzia jambo jengine kabisa.

Kuna fotoni zinazozaliwa mapacha. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mwelekeo wake kabla ya kuulizwa. Lakini ukiwauliza wote wawili swali moja, wanatoa jibu moja, hata wakiwa mbali namna gani, na swali liwe la msalaba ama la iksi.

Mama Furaha mwenye hila anatengeneza mapacha 100. Wa kwanza wa kila jozi anamtumia Papa Bahati, wa pili anamficha kwake. Hajaahidi kitu. Papa Bahati anauliza maswali yake, anaandika, anaridhika. Siku ya kufungua, Mama Furaha anaamua inayompendeza. Akitaka 0, anawauliza mapacha wake wote swali la msalaba na anasoma majibu. Akitaka 1, anawauliza swali la iksi. Kwa upande wowote, kila jibu litalingana na daftari la Papa Bahati. Sanduku lilitumwa bila karatasi ndani, na Mama Furaha anaandika karatasi siku ya kulifungua.

Wataalamu walisema: basi tutengeneze itifaki nzuri zaidi, yenye hatua nyingi, itakayomnasa mwenye mapacha. Itifaki ni mpangilio wa hatua ambazo watu wawili wanafuata. Mwaka 1993 Brassard pamoja na Claude Crépeau, Richard Jozsa na Denis Langlois walitoa moja iliyosemekana kwamba haiwezi kuvunjwa. Kwa miaka michache watu waliiamini, na wengine wakaanza kujenga vitu vikubwa juu yake.

Ukuta wa 1997

Halafu Dominic Mayers, na upande mwengine Hoi-Kwong Lo pamoja na Hoi Fung Chau, walionyesha kwamba si itifaki ile tu iliyo na tundu. Makala zao zilitoka mwaka 1997. Zote zina tundu lilelile, hata zile ambazo hazijabuniwa bado.

Sababu yake inaweza kuelezwa bila hesabu. Kama ahadi inaficha kabisa, maana yake kila kitu kilicho mkononi mwa Papa Bahati ni kilekile, iwe biti ni 0 ama 1. Basi tofauti ya 0 na 1 haiko kwa Papa Bahati. Inabaki kwa Mama Furaha peke yake. Na katika dunia ya kwanta, kilicho kwa Mama Furaha peke yake, Mama Furaha anaweza kukigeuza, akiwa amehifadhi upande wake wa mapacha bila kuwauliza. Kadiri ahadi inavyoficha vizuri, ndivyo inavyofunga vibaya. Ukitaka ifunge vizuri, lazima ivuje siri.

Hili ni jambo la kushangaza ukikumbuka kwamba kwanta imefaulu vizuri sana kwa kazi nyingine. Watu wawili wanaoaminiana, wanaoogopa mwizi wa tatu njiani, kwanta inawapa ufunguo wa siri ambao mwizi hawezi kuunakili bila kuonekana. Tarehe 21 Oktoba 2007, katika uchaguzi wa bunge la Uswisi, jimbo la Geneva lililinda kwa njia hiyo mstari uliobeba hesabu za kura. Lakini ona tofauti. Ulinzi ule unamzuia mwizi wa barabarani. Haumzuii mtu anayeshika hesabu kwenye ncha ya mstari. Yule anazuiwa na ahadi iliyofungwa, na ahadi hiyo kwanta peke yake haiwezi kuitoa.

Mlango uliobaki: mwendo wa mwanga

Mwaka 1999 Adrian Kent wa Uingereza alikumbusha wenzake kwamba kuna sheria nyingine ya dunia ambayo hawakuitumia: hakuna habari inayokwenda haraka kupita mwanga, yaani kilomita karibu 300 000 kwa sekunde moja. Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1 500. Mwanga unaomba karibu milisekunde 5 kufika.

Tuseme Mama Furaha ana ndugu yake Kinshasa. Kabla ya yote wamekubaliana namba ya siri, 37. Papa Bahati naye ana mjumbe mahali pote pawili. Hapa Goma, mjumbe wa Papa Bahati anatoa namba ya kubahatisha, 58. Mama Furaha akiahidi 0 anajibu 37. Akiahidi 1 anajibu 37 na 58, yaani 95. (Jumla ikipita 99, wanaacha mia.) Papa Bahati hajui namba ya siri, kwa hiyo jibu halimwambii kitu. Mara moja, kule Kinshasa, ndugu ya Mama Furaha anaulizwa kufungua, na anataja 37.

Sasa jaribu kudanganya. Mama Furaha alijibu 37, na ndugu anataka kuonyesha kwamba biti ilikuwa 1. Inambidi ataje namba ambayo ukiiongeza 58 unapata 37, yaani 79, sababu 79 na 58 ni 137, na mia inaachwa. Lakini ili ajue 79, lazima ajue 58, na 58 ilisemwa Goma milisekunde chache zilizopita. Habari haijafika bado, hata kwa mwanga. Anafungwa na umbali wenyewe.

Mwaka 2013 wanasayansi walifanya jaribio la namna hiyo kati ya Geneva na Singapore, wakitumia fotoni pamoja na umbali. Ahadi ilishika karibu milisekunde 15. Mwaka 2016 kundi la Geneva, kwa kuuliza na kujibu tena na tena bila kupumzika, lilifikisha ahadi ya saa 24, wajumbe wote wakiwa ndani ya muji mmoja. Jambo la kuchekesha ni kwamba ahadi hiyo ya saa 24 haikutumia kwanta hata kidogo. Ilitumia saa nzuri, waya wa haraka, na hesabu kama ile ya 37 na 58.

Kwa sisi, inabadilisha nini?

Leo hakuna mtu wa Murara atakayefunga akiba yake kwa fotoni. Lakini wauzaji wa mitambo wanazunguka Afrika na neno "kwanta" mdomoni, kama vile zamani walizunguka na neno "elektroniki". Tuliletewa mashine za kupigia kura mwaka 2018, na ubishi haukuwa juu ya skrini zake. Ulikuwa juu ya nani ameshika hesabu ya mwisho. Mtu akikuambia chombo chake cha kwanta kinaondoa haja ya kuaminiana, sasa unajua jibu: tangu 1997 imethibitishwa kwamba kwa ahadi kati ya watu wawili, kwanta peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kitu kingine: kikomo cha kompyuta, umbali, ama mashahidi.

Kwa hiyo kila mara mtu anakuomba uamini hesabu ambayo itafunguliwa kesho, iwe ni likelemba, bahasha za soko la serkali, ama kura, uliza maswali matatu. Moja: neno lake limefungwa lini, kabla ama baada ya kujua linamfaa nani? Mbili: ni nani anashika sanduku, na ni nani anashika ufunguo? Kama ni mtu mmoja, hakuna ahadi hapo. Tatu: siku ya kufungua, mimi mwenyewe nitalinganisha na nini?

Swali la tatu ndilo tunalisahau zaidi, na halihitaji mashine yoyote. Siku kura zikihesabiwa tena hapa kwetu, piga picha ya karatasi ya biro yako, namba ya biro ionekane, na uitunze. Katika AVEC yako, usitoke kabla hesabu haijasemwa kwa sauti, na uikumbuke mpaka mkutano unaofuata.